Majina Sitini na Matatu Ng'ambo ya Mto

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana hadithi hii ina swali mkiani na sitalirudia kwa mtu aliyekuwa anakoroma.

Huko Lusyoto, kata yenye milima minne na shule nne za msingi, kila shule juu ya mlima wake, waliishi wanawake watatu ambao Mungu aliwagawia vipawa kwa mkono usio wa kawaida.

Wa kwanza ni Syabumi, muuza parachichi. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alichokisikia mara moja hakikumtoka tena. Ukimtajia leo mbegu ulizopanda, mwakani atakukumbusha zilizooza. Ila sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga.

Wa pili ni Tumpale. Huyu akiita ng'ombe wake, na ng'ombe wa mlima wa pili hugeuka. Kanisani walimketisha benchi la mwisho, na bado waliokaa mbele walilalamika. Lakini ukimtuma dukani vitu vitatu, anarudi na kimoja, tena si ulichomtuma.

Wa tatu ni Subilaga, mjane, ambaye hakuwahi kusema uongo, hata ule uongo mdogo wa kusifu mboga iliyoungua. Kaka yake alipogombea mpaka wa shamba alimwita amtolee ushahidi. Akasimama mbele ya watu wote akasema, "Kaka, jiwe la mpaka lilikuwa kule chini. Wewe ndiye uliyelisogeza." Kaka mtu akamnunia miaka sita.

Wote watatu waliishi peke yao. Likumbukeni hilo, litatufaa mbele.

Sasa, jirani na Subilaga ilikuwa nyumba ya Ambokile na mumewe Gwamaka. Ambokile alikuwa na mimba ya miezi tisa. Binti yao mkubwa, Tusekile, alikuwa amefaulu darasa la saba, lakini orodha ya kwanza ya kwenda sekondari ilitoka bila jina lake. Ikabaki kungoja chaguo la pili. Wiki zikapita. Gwamaka akachonga fimbo, akampa binti yake ng'ombe wanne awachunge. Kila asubuhi Ambokile alimtazama akipanda mlima nyuma ya ng'ombe, bado amevaa sketi ya shule kwa kuwa hakuwa na nyingine, na moyo ukamuuma asipate pa kuushika.

Lakini kabla hatujaendelea, lazima mjue habari zilivyosafiri Lusyoto. Kila Ijumaa mwalimu mkuu aliandika tangazo ubaoni, watoto wakalinakili, wakaenda kuwasomea wazazi nyumbani. Ulikuwa utaratibu mzuri, ila watoto ni watoto. Ubao ukisema, "Jumamosi kila mwanafunzi aje na jembe," daftari lilisomeka, "Jumamosi ni mapumziko." Kuna mmoja aliyesoma mbele ya mama yake bila kupepesa jicho, "Mwalimu mkuu anaagiza kila mtoto apewe yai asubuhi." Alikula mayai mwezi mzima. Siku wazazi walipogundua, walikutana wakaapa: kuanzia leo, habari ya shule bila muhuri wa shule si habari. Wakalishika neno hilo hata likapita kiasi. Mwalimu akikutana na mzazi njiani akamwambia mwanao anaumwa, mzazi anauliza, "Muhuri uko wapi?"

Basi masika yale mvua ikanyesha siku tatu bila kupumua. Mlima ukaporomoka, ukaangusha mnara wa simu, na mto ukabeba daraja la miti. Lusyoto ikabaki kimya, imekatwa na dunia.

Jumanne iliyofuata Syabumi alikuwa amekwama mjini, ng'ambo ya mto, na kapu lake la parachichi. Karatasi ya majina ya chaguo la pili ikabandikwa nje ya ofisi ya elimu. Wachuuzi wengine wa Lusyoto walikuwapo pia. Kila mmoja akatafuta jina la mwanawe, akalipata au akalikosa, akaenda zake kungoja mto upungue. Syabumi hakuwa na mtoto. Akamwendea mlinzi wa ofisi.

"Mwanangu, nisomee ya Lusyoto."

"Mama, majina sitini na matatu! Unamtafuta nani?"

"Nawatafuta wote."

Mlinzi akacheka, akasoma harakaharaka, mara moja tu: jina, mzazi, shule aliyopangiwa. Mwishoni akasoma kwamba atakayekuwa hajaripoti ofisini hapo na mzazi wake kufikia Ijumaa saa kumi jioni, nafasi yake atapewa mwingine. Syabumi akaacha kapu palepale, akaanza kutembea. Aliogopa majina yasimwagike, kwa hiyo hakufungua kinywa njia nzima. Wazee wakamsalimu, hakuitikia. Shemeji yake akamsalimu, hakuitikia. Watu wakasema parachichi zimempa kiburi.

Jumatano asubuhi akafika mtoni, pale miamba inapokaribiana hata kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ni kama hatua kumi. Hatua kumi tu, na chini yake maji yanaburuta magogo. Upande wa pili Tumpale alikuwa akikata majani ya ng'ombe.

Syabumi akakipaza kisauti chake chote, kikavuka kwa shida; Tumpale akashika kichwa. "Sitini na matatu? Dada, mimi nasahau hata nilichokula!"

"Usikumbuke. Nikikupa jina moja, lirushe. Kisha nikupe jingine."

Wakati huo Ambokile alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharage. Ukungu ulikuwa umefunika migomba, mtu haoni mkono wake. Na kutoka ndani ya ukungu ule ikaja sauti.

"Lusyotooo! Majina ya chaguo la pili! Mwisho wa kuripoti ofisi ya elimu Ijumaa, saa kumi jioni! Mtoto na mzazi wake!"

Majembe yakasimama. Likaja jina la kwanza, na jina la mzazi, na jina la shule. Kimya. Kisha kutoka mlima wa tatu, mbali sana, mtu akaitika, "Tumesikiaaa!" Likaja la pili. Mlima wa kwanza ukaitika. La tatu, la nne. Ambokile alianza kuweka harage moja pembeni ya ungo kwa kila jina. Hakuona mtu hata mmoja, lakini alijua kwamba kata nzima imesimama milangoni, milima minne ikisikiliza kinywa kimoja. Hata mbwa hawakubweka. Aliogopa, jinsi mtu anavyoogopa akiingia mahali patakatifu bila kujiandaa.

Maharage thelathini. Maharage arobaini. La arobaini na moja likaja:

"Tusekile, wa Gwamaka! Sekondari ya bweni ya wasichana!"

Ambokile akainuka aitike, lakini hakuwahi. Juu mlimani, katikati ya ng'ombe asiowaona, mtoto akaitika mwenyewe: "Nimesikia! Mama, nimesikia!"

Ambokile akalia machozi ya furaha, ungo ukamwagika. Majina yakaendelea. Kufika la hamsini sauti ya Tumpale ilianza kupasuka, na la mwisho lilitoka kama mlango wenye kutu. Lakini lilitoka. Wiki mbili baada ya hapo hakuweza kuita hata kuku.

Gwamaka akatoka zizini akipangusa mikono.

"Baba Tusekile, umesikia?" mkewe akamuuliza.

"Nimesikia sauti. Muhuri uko wapi?"

"Muhuri utavukaje mto, jamani?"

"Basi tungoje uvuke. Kuzunguka mlima hadi mjini ni siku mbili kwa miguu. Nikuache wewe na hali hiyo, niache ng'ombe, kwa ajili ya kelele za Tumpale? Tumeapa, mama Tusekile. Mayai ya mwezi mzima umeyasahau?"

Ndipo Subilaga akapita kwenye uwazi wa ua, amejifunga kanga kiunoni.

"Gwamaka, mpeleke mtoto."

"Mama, wewe uliiona hiyo orodha?"

"Sikuiona."

"Unajua kwamba ni kweli?"

"Sijui. Naamini, na hayo ni mambo mawili, sitakudanganya. Nimetoka mtoni sasa hivi; Tumpale ameninong'oneza kwamba majina yametoka kwa Syabumi. Syabumi namjua tangu tukiwa wasichana, hajawahi kukosea hata tarehe aliyozaliwa mbuzi. Na Tumpale hana kichwa cha kutunga majina sitini na matatu. Hata matatu hawezi." Akavuta pumzi. "Mpeleke. Ikiwa si kweli, kuanzia siku mtakayorudi ng'ombe wako nitawachunga mimi, na uzee wangu huu. Na kila atakayeniuliza kwa nini, nitamjibu: kwa sababu Subilaga alisema uongo."

Gwamaka akamtazama yule mama. Alijua kwamba hana shamba kubwa wala mtoto wa kumtegemea. Jina lake ndiyo mali yake yote, na ameiweka chini pale, juu ya matope ya zizi. Akaona aibu. Akaichukua ile fimbo ya kuchungia kutoka kwa binti yake, aliyekuwa ameshuka mbio mlimani, akaifanya mkongojo wa safari. Neno la Subilaga likapita mlango hadi mlango, na wazazi wengine nao wakafunga safari.

Walifika Ijumaa, saa kumi kasoro dakika ishirini, miguu imevimba. Karani alikuwa ameshaanza kukata majina ya wasiofika.

Katika wale sitini na watatu, waliripoti sitini na wawili. Mmoja, wa mlima wa nne, neno la Subilaga halikumfikia baba yake, akasubiri muhuri. Muhuri ulifika Jumatatu.

Jumamosi Ambokile akajifungua mtoto wa kike. Na Lusyoto wana desturi: mtoto akizaliwa katika nyumba iliyotendewa wema mkubwa, siku ya nane mama humnong'oneza sikioni jina la aliyetenda wema huo. Jina moja tu, mara moja tu. Mwenye jina huwa mama wa pili wa mtoto, na mtoto akikua ndiye atakayemtekea maji na kumkokea moto uzeeni.

Siku ya nane ikafika. Wale watatu wakaja, kila mmoja na kanga mpya ya kumbebea mtoto.

Syabumi akasema kwa sauti yake ndogo, "Wachuuzi wenzangu walisoma karatasi ileile, wakaondoka na jina moja moja. Kama si mimi, Tumpale angerusha nini? Kikohozi?"

Tumpale akajibu kwa mnong'ono, ndiyo sauti pekee iliyomrudia, "Na kama si mimi, majina yako yangekuwa mpaka leo ng'ambo ya mto, yanapigwa na mvua. Nimetoa koo langu."

Zamu ikawa ya Subilaga. "Mimi sikujua chochote wala sikubeba chochote," akasema. "Huo ndio ukweli. Lakini mlima wa nne nao walikumbukiwa, nao waliitwa. Mtoto wao leo yuko wapi?"

Ambokile akawatazama mmoja mmoja. Kila alipomtazama mmoja aliona ndiye, na kila alipomtazama mwingine aliona amewadhulumu wawili. Mtoto akafumbua macho. Watu wakanyamaza, hivyo hivyo walivyonyamaza siku ya ukungu. Ambokile akainama, midomo ikagusa lile sikio dogo, akavuta pumzi.

Na mimi hapo ndipo ninapomwachia. Msinitazame mimi, nimemaliza kazi yangu. Mtoto anangoja, na wale mama watatu wanangoja, na nyumba mbili kati ya tatu zitazeeka bila wa kuzikokea moto. Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo: sikio liko mbele ya mdomo wako. Ungelitaja jina la nani?