Chujio la Fundi Singano

"Chujio la bwawa humchosha samaki wa kioo." Mmemsikia shangazi yenu leo akiwatupia maneno hayo wanakamati wa harusi, waliotaka kuleta spika za uwanja wa mpira kwenye sebule ya watu thelathini. Mkacheka, kisha mkaniuliza mimi, babu yenu, shangazi ameyatoa wapi. Hakuyatunga yeye. Kaeni, chai bado ya moto. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mmoja chini ya milima ya Usambara alikuwako mtu wa pampu, Fundi Singano. Miaka ishirini na tisa alisukuma maji ya mji. Mabomba yalikuwa ya kale, yakivuja kila kona, hivyo mafundi walikuwa na kanuni yao: ukihitaji pampu ya nguvu kumi, funga ya ishirini, maana nusu ya maji huishia njiani. Kanuni hiyo haikuwahi kumwaibisha. Alipostaafu aliondoka nayo, kama wengine wanavyoondoka na saa ya ukutani.

Mkewe, Bi Hidaya, alikuwa na tangi la kioo sebuleni, la lita mia moja. Ndani yake mlikuwa na samaki watatu wa dhahabu, mikia yao mirefu ikipepea kama kanga mpya. Mkubwa wao aliitwa Shangazi, kwa kuwa kila alasiri alijibanza nyuma ya jiwe akatulia, akiwatazama wenzake kama anayesubiri wakosee.

Mwaka huo binti yao Rukia alijifungua, na Bi Hidaya akafunga safari kwenda kumtunza mzazi mpaka arobaini itimie. Mlangoni akamwambia mumewe, "Nakuachia wanangu watatu. Kila Ijumaa punguza maji robo, ujaze mengine. Nikirudi niwakute watatu."

"Mke wangu, maji unanifundisha mimi?"

"Maji unayajua. Nakukumbusha samaki."

Fundi Singano alilimeza neno hilo, lakini halikushuka. Watoto wake wote walilelewa na mkewe, yeye akiwa kwenye mitambo. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa peke yake kitu chenye roho. Akaazimia kwamba mkewe akirudi, ayakute maji maangavu kuliko alivyoyaacha. Akaenda kwa Bi Twaiba, muuza samaki wa mapambo, kutafuta chujio.

"Tangi lako linaingia lita ngapi, baba?"

"Mia."

"Basi hili hapa. Linapitisha lita mia nne kwa saa. Maji yote yatazunguka mara nne, inatosha."

Fundi Singano aliliweka kiganjani, likaenea. "Mwanangu, hiki ni kichujio cha chai. Lile kule juu?"

"Lile ni la bwawa la bustani. Lita elfu tatu."

"Teremsha."

"Baba, kwani samaki wako ni wa aina gani?"

"Wa kuogelea," akajibu. Waliokuwa dukani wakaangua kicheko, naye akatoka na mzigo begani.

Siku ya pili maji yaling'aa hata yasionekane. Jirani yake, Mzee Kilua, alikuja akagusa kioo kwa kidole. "Fundi! Samaki wako wanaelea hewani!" Nao samaki walikwenda mbio upande huu na upande ule, mikia imelala nyuma, wasitue. Kila aliyewaona alisema wamefurahi.

Jioni Bi Hidaya akapiga simu. "Wanangu hawajambo?"

"Wanacheza kutwa. Hawakai kitako."

"Hata Shangazi?"

"Huyo ndiye kiongozi. Jiwe lake amelisahau."

Nyuma ya simu kichanga kililia. "Baba Rukia, mtu mzima asiyekaa kitako hachezi. Kuna kinachomkimbiza."

"Mama Rukia, wewe mtunze mzazi."

Asubuhi ya siku ya sita, kikombe mkononi, aliwahesabu samaki akapata wawili. Akahesabu tena. Shangazi alikuwa amegandamizwa ubavu kwenye mdomo wa bomba la kufyonzea maji, mkia wake umevutwa ndani ya wavu. Fundi Singano aliuchomoa waya ukutani. Maji yakatulia. Shangazi akaporomoka polepole mpaka kwenye changarawe, akalala akitweta, mkia umechanika nusu. Wale wawili nao wakashuka wakajilaza chini, kama watu waliotoka kupanda mlima.

Fundi alivuta kiti akakaa. Akayakagua mabomba ya lile chujio, moja baada ya jingine, akitafuta yanapovuja. Hayakuvuja popote. Nguvu yote aliyoinunua ili ipotee njiani ilikuwa imemfikia samaki.

Bi Twaiba alipomwona akiingia na mzigo uleule hakucheka. Aliliweka lile dogo mezani kabla hajaombwa. "Uliyapima maji ya mjini, baba. Samaki hukumpima."

"Atapona?"

"Mkia huota akipata utulivu. Mwezi mmoja hivi."

Arobaini ilikuwa bado siku thelathini. Mkia ungewahi.

Haukuwahi. Siku ya ishirini tu ya ile arobaini lango likalia, na Bi Hidaya huyo, sanduku mkononi.

"Mbona mapema? Mtoto ana nini?"

"Mtoto mzima. Rukia ndiye kanirudisha." Akajibwaga kitini. "Maji ya moto mara tano, uji mara sita, kumkanda asubuhi na jioni. Hafumbi jicho nisimwamshe anywe mchuzi. Jana kaniambia, kwa adabu yake, 'Mama, nenda kawaone samaki wako.'"

Akainuka kwenda kwenye tangi. Akahesabu: watatu. Kisha akainama. "Shangazi kanga yake iko wapi?"

Mzee Kilua alikuwa amekwisha kumshauri rafiki yake asingizie ugonjwa. Fundi Singano alikitazama kioo. "Nimemchana mimi. Nilimfungia chujio la bwawa." Akamweleza yote, hata maneno ya kichujio cha chai.

Nyuma ya jiwe Shangazi alikuwa ametulia, kipande cha mkia kikipepea kidogo. Bi Hidaya akaitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa bado inanuka mafuta ya kukandia.

"Kumbe kosa letu moja, Baba Rukia," akasema. "Chujio la bwawa humchosha samaki wa kioo."

Akampigia Rukia. Simu ikapokewa na mkwe, akasema mwenzake amelala. "Usimwamshe," Bi Hidaya akasema, akakata.

Mzee Kilua, aliyekuwa barazani na masikio yake yote mawili, alilifikisha neno hilo sokoni kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata, na tangu hapo halijarudi nyumbani kwao.

Sasa nyinyi, mkienda kwenye hiyo harusi mkakuta spika ndogo, msinung'unike. Bibi wa bwana harusi ana miaka tisini, na ndiye atakayekaa mstari wa mbele. Chujio la bwawa humchosha samaki wa kioo.