Dirhamu Iliyotobolewa

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasiti, huko Iraki, aliishi mwanamke mchaji aliyeitwa Lubaba binti Mundhiri. Mumewe, Dhakwani, alikuwa mbadili fedha sokoni, naye ndiye aliyemfundisha mkewe kuzitambua sarafu za kale: zilipigwa wapi, ni za zama zipi, ipi ni fedha safi na ipi imetiwa madini ya risasi. Mola hakuwajaalia mtoto. Dhakwani alipofariki, Bi Lubaba akabaki peke yake, akisokota sufi ili apate riziki. Watu walimheshimu mno, lakini kuheshimiwa si kuwa na mwenzi. Zilipita siku nzima ambazo sauti pekee iliyosikika nyumbani mwake ni yake mwenyewe, akisoma Qurani.

Lilikuwapo jambo moja tu lililomtoa nje. Kila uliponadiwa urithi wa marehemu wenye sarafu kuukuu ndani yake, alijitanda ushungi wake akaenda, akaketi pembeni, akatazama, na wanunuzi wakamwuliza ipi ni ya kweli. Alikuwa akitafuta dirhamu moja.

Dhakwani alipomposa alikuwa fukara. Hakuwa na cha kumpa isipokuwa dirhamu ya zama za mwanzo wa Uislamu, pale Waislamu walipokuwa bado wakitumia fedha za wafalme wa Kiajemi na kuongeza pembeni yake neno "Bismillahi". Hiyo ndiyo iliyokuwa mahari yake. Bi Lubaba aliitoboa tundu karibu na neno lile, akaivaa shingoni. Ukaja mwaka wa njaa, akaivua kwa mkono wake mwenyewe, ikauzwa, ikanunuliwa shayiri, wakala wao na jirani zao. Dhakwani aliahidi kuirudisha, lakini mauti yakamtangulia. Bi Lubaba hakumweleza mtu habari hiyo. Angemweleza nani?

Basi siku moja, baada ya sala ya alasiri, ukanadiwa urithi wa mfanyabiashara wa ngozi aliyeacha mjane na mayatima wadogo. Vikauzwa vyombo, yakauzwa mazulia, na mwishowe dalali, jina lake Mirdasi, akafungua kifuko cha sarafu na kuanza kuziinua moja moja. Mara Bi Lubaba akaliona tundu. Ilikuwa ndiyo ile ya mahari yake!

"Hii nayo imechakaa, tena imetobolewa," alisema Mirdasi. "Nani ataichukua kwa uzito wa fedha yake?"

Alikuwapo pale Bwana Harthama, tajiri aliyependa kukusanya sarafu za kale. Akaitazama kwa shaka.

"Mimi sitii mkono mfukoni mpaka Bi Lubaba aseme," akasema. "Bibi, hicho ni kitu au si kitu?"

Nyuso zote zikamgeukia. Mfukoni mwake mlikuwa na dirhamu ishirini, akiba ya miaka ya kusokota. Wala hakuhitaji kusema uongo. Angenyamaza tu, na dirhamu ile ingekuwa yake kwa bei ya bure. Nafsi ikamnong'oneza: Ilikuwa yako kabla haijawa yao. Nani atakulaumu? Mumeo mwenyewe aliitafuta mpaka akaingia kaburini.

Kisha akamfikiria yule mjane, aliyekuwa bado ndani ya eda, asiyeweza hata kuja kuona mali ya wanawe inavyouzwa. Pale sokoni, ni nani mwingine aliyejua la kuwasemea?

"Nipe niione," akasema.

Akaipokea. Akaishika muda mrefu kuliko alivyohitaji, akapitisha kidole juu ya lile neno, kisha akamrudishia dalali.

"Ni ya kweli, si bandia. Mfano wake sijauona katika soko hili kwa miaka mingi. Tundu linaipunguzia thamani, lakini kwa anayejua, haipungui dirhamu thelathini."

Harthama akataja kumi. Bi Lubaba akasema kumi na tano. Watu wakashangaa, maana miaka yote hiyo hawakuwahi kumsikia akitaja bei ya kununua. Harthama akasema kumi na nane, yeye akasema ishirini. Harthama akasema thelathini.

Mirdasi akamwinamia kwa upole. "Ongeza, mama. Nakuamini. Utalipa kidogo kidogo."

Bi Lubaba akafikiri. Sufi yake ilimtosha chakula tu. Deni lile angelilipa lini? Na wale watoto wangekula nini wakingoja?

"La, mwanangu," akajibu. "Bei nisiyoweza kuilipa si bei, ni maneno. Na watoto hawali maneno."

Dirhamu ikaenda kwa Harthama. Bi Lubaba akarudi nyumbani, akapika uji wa mtu mmoja, akashindwa kuumaliza. Baada ya magharibi aliinua mikono akasema, "Mola wangu, nimeusema ukweli, na bado unaniuma."

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaja mwanamke asiyemfahamu. Alikuwa Jumana, mjane wa yule mfanyabiashara wa ngozi, ametoka eda.

"Dalali amenieleza," alisema, hata kabla ya kuketi. "Wewe ndiye uliyeifanya iwe ghali, na wewe ndiye uliyeitaka kuliko wote. Kwa nini, bibi?"

Kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa, Bi Lubaba akaeleza habari ya mahari yake. Jumana akashika kinywa.

"Laiti ungewaambia! Wangekuachia."

"Wangenihurumia, binti yangu," akasema Bi Lubaba, "na huruma yao ingelipwa na wanao."

Jumana akalia. "Sina cha kukulipa."

"Basi usinilipe. Ila kama huna haraka, kaa kidogo."

Akakaa mpaka adhuhuri. Hakurudi kesho yake wala kesho kutwa. Alirudi Ijumaa, na watoto wake, nao wakaimwaga sufi yote sakafuni. Ile dirhamu Bi Lubaba hakuiona tena maishani mwake. Lakini alipofariki, Mungu amrehemu, hakuoshwa na mikono ya wageni. Jumana ndiye aliyemwosha, na wale mayatima, wakiwa sasa ni watu wazima, ndio waliobeba jeneza lake.

Ndugu yangu, wengi wetu tunauchunga ulimi usiseme uongo, tukasahau kwamba hata kunyamaza kunaweza kula mali ya yatima. Na huenda ukasema kweli ikakuacha mikono mitupu, nawe usione malipo yake jioni ile. Subiri. Mola wako hadaiwi akasahau.