Kofia Mbili za Bi Pindo

Mkakasi ni kijisanduku cha mti kilichochongwa kwa ustadi na kupakwa rangi hata macho yakashiba. Ukikifungua utakuta mti ule ule, hakuna jingine. Ndipo wahenga wakatuonya tusikihukumu kitu kwa sura yake kabla ya kujua kilichomo ndani. Watu wengi huusikia usemi huu, huutikisia kichwa, kisha huenda dukani wakanunua mkakasi. Bi Pindo alikuwa mmoja wao, tena alinunua kwa furaha.

Bi Pindo alikuwa fundi wa mapazia. Jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu pindo alizoshona zilinyooka kama zimepigwa rula. Kwa miaka sita alibeba mapazia ya watu begani, na mwaka wa saba akanunua skuta ya rangi ya damu ya mzee. Wiki ya kwanza aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyoiendesha.

"Nimeletewa mume mwenza," mumewe alilalamika kwa utani, "tena mwenzangu anaogeshwa mara tatu kwa siku."

Penye skuta hapakosi mavazi. Bi Pindo alijishonea koti la rangi ile ile, limebana kiunoni na lina mistari myeupe mabegani. Akanunua glavu nyeusi na miwani mikubwa iliyomfunika nusu ya uso. Ilibaki kofia ngumu tu, na hapo ndipo wifi yake alipojitokeza.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa muuguzi katika chumba cha majeruhi. Aliwahi kuendesha pikipiki kwa miaka mingi mpaka mgongo ulipomkatalia. Alimletea kofia yake ya zamani, ya rangi ya chungwa iliyopauka, nzito, kubwa kama sufuria ya shughuli.

"Pokea, wifi. Hii imenitoa mbali."

"Ahsante, wifi yangu," alijibu Bi Pindo kwa sauti tamu, huku moyoni akisema: huyu anataka nichekwe. Walipendana hao wawili, ila walipendana kwa kuchunguzana, kama mawifi wengi. Mgeni alipotoka tu, kofia ya chungwa ikapandishwa juu ya kabati.

Siku ya pili yake Bi Pindo aliingia duka la mikoba na viatu, akaiona kofia ya ndoto zake. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, yenye mstari wa dhahabu ubavuni, mkanda wa ngozi laini na bitana ya satini. Aliipima kama alivyozoea kupima kitambaa. Alisugua bitana kati ya vidole viwili, akafuata mshono kwa jicho, akainyanyua. Nyepesi kama unyoya! Kwa fundi wa mapazia, kitu chepesi ndicho kitu bora. Hakuigonga hata mara moja asikie ina nini ndani.

Siku tisa zilizofuata mtaa mzima ulimtambua. Muuza magazeti alimpigia saluti, na kila dirisha la duka lilimpunguzia mwendo ili ajitazame. Alijiona amefika.

Asubuhi ya siku ya kumi alifunga mzigo wa mapazia nyuma ya skuta. Alikuwa anayapeleka kwenye zahanati mpya ng'ambo ya mji, na kwa mara ya kwanza angepita barabara kuu, penye malori. Kabla hajawasha, wifi yake akatokea akiwa bado na sare za kazi.

"Unakwenda wapi na hilo yai kichwani?"

"Barabara kuu, wifi. Nina mzigo wa watu."

Wifi aliivua ile kofia kichwani mwake bila kuomba ruhusa, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Uso wake ukabadilika.

"Wifi, hiki ni kitu au ni ganda?"

"Huo ni mtindo. Wewe mambo ya mtindo yamekupita."

"Sawa, yamenipita. Lakini jana nilipokea waendesha pikipiki wawili, na mmoja hakurudi kwao. Sikuambii zaidi." Alipanda juu ya skuta, akakunja mikono. "Leta ile ya chungwa. Vinginevyo tutakaa hapa mpaka mapazia yako yaote ukungu."

Bi Pindo alikasirika hadi masikio yakamwasha. Angemsukuma, lakini dada wa mume hasukumwi, na saa nazo hazikumngoja. Akaingia ndani, akaitupa kofia ya maziwa kitandani, akaiteremsha sufuria na kujifunika nayo. Hakuwa ameshawishika hata chembe. "Funika kombe mwanaharamu apite," alijisemea, akawasha skuta.

Njia nzima aliinamisha uso. Muuza magazeti hakumtambua, naye akamshukuru Mungu kwa hilo. Alipofika kwenye kona ya kuingilia barabara kuu, lori fulani lilikuwa limemwaga kokoto. Gurudumu la mbele likateleza. Kufumba na kufumbua, skuta ilikwenda kulia, mapazia kushoto, na yeye akaanguka katikati. Kichwa chake kikagonga ukingo wa zege kwa kishindo kilichowafanya wapita njia wafunge macho.

"Usiinuke, dada! Tulia hapo hapo!"

Alitulia. Alichezesha vidole vya mikono, kisha vya miguu. Kiwiko kilikuwa kimechubuka na koti limeraruka begani. Kofia ya chungwa ilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni, lakini kichwa kilichokuwa ndani yake hakikupata hata uvimbe. Simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa kwa wifi yake.

Wifi alifika na teksi, miguuni kavaa kandambili za bafuni. Alimmulika macho kwa tochi ya simu, akamwambia afuate kidole.

"Leo siku gani?"

"Siku ya kuvaa sufuria."

Wifi alitaka kucheka akashindwa. Alimkumbatia pale pale kando ya barabara.

Daktari alimpima, akamruhusu kurudi nyumbani pamoja na wifi yake. Bi Pindo aliketi kitandani, akaivuta ile kofia ya maziwa, akachukua kiwembe chake cha kufumulia nguo. Alifumua bitana. Chini ya satini palikuwa na sponji nyembamba kama ya kuoshea vyombo. Chini ya sponji palikuwa na kadibodi iliyoandikwa: SABUNI YA KUFULIA, WEKA MBALI NA MAJI. Akalibonyeza ganda lenyewe kwa kidole gumba. Likabonyea, kisha likapasuka.

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Siku tisa! Kisha pumzi ndefu ikamtoka, na faraja ikamjaa kifuani hadi machozi yakamtiririka. Alikuwa mzima. Kesho angeamka na kumsikia mumewe akilalamika.

"Wifi," aliita, "njoo uone nilichokuwa nakivaa."

Wifi aliisoma ile kadibodi polepole. "Umefunga kichwa kwa boksi la sabuni, halafu unaniambia mtindo umenipita?"

"Nusura mtindo huo upite na roho yangu." Bi Pindo alijifuta machozi. "Nisamehe, wifi. Siku ile uliponiletea kofia yako, nilidhani unataka nichekwe."

"Nilitaka uchekwe," alijibu wifi. "Anayechekwa yuko hai."

Bi Pindo alimwegemea wifi yake begani, akacheka na kulia kwa pamoja, akakiri kwa kinywa chake kwamba waliosema hawakukosea: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.