Sengasu Yupo Tu

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia. Nyinyi wa huko nyuma mnatafuna nini? Paukwa!

— Pakawa!

Niseme au nikalale?

— Sema!

Basi palikuwa na palipokuwapo, na ambaye hakuwapo asinibishie.

Katika mji wa Kwembago palikuwa na kijana akiitwa Sengasu. Kijana mzima, mikono miwili, miguu miwili, kazi hana. Kila asubuhi aliamka, akanawa uso, akavaa shati lake la bluu, akaenda kutafuta. Jioni akarudi vilevile alivyokwenda. Mnacheka? Kutafuta kazi ni kazi, tena haina siku ya mapumziko.

Sengasu alimpenda Mwantumu, binti wa Mzee Kupaza, na Mwantumu alimpenda Sengasu. Akatuma mshenga. Mzee Kupaza akasikiliza posa, akanywa kahawa, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akafanya wafanyavyo wazee wenye mabinti. Akavaa kofia, akaenda mtaani kwa Sengasu kuulizia.

Akamuuliza Bi Chausiku, mwenye mbuzi. "Kijana huyu anafanya kazi gani?"

"Adabu anayo, kaka yangu. Kazi hana. Yupo tu."

Akamuuliza Fundi Mhina, mshona nguo.

"Hana ugomvi na mtu. Lakini kazi? Yupo tu."

Akamuuliza Mwalimu Shemdoe, mstaafu, mwenye mpunga.

"Nimemfundisha mwenyewe. Hesabu alikuwa hodari. Kwa sasa yupo tu."

Mzee Kupaza akamrudia mshenga. "Mwezi wa Ramadhani unaandama kesho. Siku ya Idi nitatoa jibu. Kijana akiwa na kazi, aje na wazee wake. Asipokuwa nayo, kuna posa nyingine, ya mwenye mashine ya kusaga. Mimi simwozeshi binti yangu mtu aliyepo tu."

Sengasu aliposikia hayo aliogopa. Siku thelathini zile, au ishirini na tisa mwezi ukiwa na haraka.

Siku ya kwanza akasikia kiwanda cha mbao kinataka wapakiaji. Akatoka mapema. Akafika mlangoni kwa Bi Chausiku.

"Sengasu mwanangu, wewe si upo tu? Nishikie mbuzi huyu. Nafika sokoni mara moja, nachukua magimbi ya futari."

Utamkatalia mama wa watu? Akashika kamba. Mara moja ya Bi Chausiku ikafika adhuhuri. Sengasu akakimbia mpaka kiwandani. Mlinzi akamwambia, "Nafasi imejaa."

Siku ya pili akasikia bohari la mahindi linataka mtu wa mizani. Akafika mlangoni kwa Fundi Mhina.

"Sengasu, wewe si upo tu? Kaa hapa kwenye cherehani. Mtu atapita kuchukua suruali yake. Mimi naenda kununua uzi."

Uzi gani huo wa kununuliwa saa nne nzima? Mimi sijui, nanyi hamjui. Sengasu akakimbia mpaka bohari. Mlinzi akamwambia, "Nafasi imejaa."

Siku ya tatu akasikia zahanati inataka mfagiaji. Akafika mlangoni kwa Mwalimu Shemdoe.

"Kijana wangu, wewe si upo tu? Niangalizie mpunga huu juani, kuku wasiuguse. Naegesha mgongo kidogo."

Mwalimu akaegesha mgongo mpaka alasiri. Sengasu akakimbia mpaka zahanati. Mlinzi akamwambiaje?

— Nafasi imejaa!

Kumbe mnasikiliza. Ikaenda hivyo siku kumi, ikaenda kumi na tano. Wenzake wanarudi na mshahara, Sengasu anarudi na ahsante. Na ahsante huwezi kuipeleka ukweni.

Siku ya kumi na sita Mwantumu alipita na ndoo ya maji, akamkuta Sengasu ameshika kamba ya mbuzi.

"Sengasu, mimi nakupenda, lakini ile mashine ya kusaga inatajwa nyumbani kila tukifuturu. Watu hawamtumi mwenye kazi. Wakikuuliza, waambie umepata."

"Niseme uongo, na nimefunga?"

"Basi usiseme kitu. Vaa viatu, shika bahasha, tembea haraka. Watasema wenyewe."

Asubuhi yake Sengasu akavaa viatu. Akatia vyeti vyake katika bahasha ya kaki, akaibana kwapani, akatembea haraka.

"Sengasu mwanangu, wewe si..."

"Nimechelewa, mama!"

"Umechelewa wapi?"

Sengasu alikwisha kata kona. Bi Chausiku akamkimbilia Fundi. "Kapata kazi!" Fundi akasema, "Serikalini. Hukuiona bahasha?" Mwalimu akasema, "Nilijua mimi. Zile hesabu zake." Kufika jua la utosi mtaa mzima umekwisha kumwajiri.

Na yeye je? Sasa ana siku nzima mikononi. Akagonga geti hili, akagonga geti lile, mpaka viatu vikalainika. Alipata kazi? Hakupata. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ndivyo tusemavyo, lakini Sengasu aligaagaa na hata huo mkavu hakuuona. Sitaki kuwadanganya, nami nimekula chakula chenu.

Ikabaki siku moja kabla ya Idi. Bi Chausiku akaenda sokoni, mbuzi kamfunga nguzoni kwa kamba chakavu. Fundi akaenda kununua uzi, duka kaliacha wazi. Mwalimu akaegesha mgongo, mpunga upo juani.

Mbuzi hula urefu wa kamba yake. Siku ile kamba ilikatika. Tena mbuzi hafungi Ramadhani. Akaanza na mpunga wa Mwalimu, akala, akaukanyaga, akausambaza njia nzima. Akaingia dukani. Ukutani palitundikwa kanzu mpya, nyeupe, yenye tarizi shingoni. Akaanza pindo, akapanda juu.

Kanzu ile ilikuwa ya nani? Ya Mzee Kupaza, ya kuswalia Idi. Na saa ileile akaja kuichukua. Akamkuta mbuzi amefika kifuani.

Alipiga ukelele, majirani wote watatu wakaja mbio.

"Fundi, ukitoka nani hukaa hapa?"

"Sengasu, mzee."

"Na mbuzi huyu nani humshika?"

"Sengasu, kaka yangu."

"Na mpunga ule uliomwagika nani huulinda?"

"Sengasu."

"Yuko wapi?"

"Amepata kazi."

Mzee Kupaza akawatazama mmoja mmoja. "Mwezi haujaisha tangu mlipoapa mbele yangu kwamba yupo tu."

Fundi akamtazama Bi Chausiku, Bi Chausiku akamtazama Mwalimu. Mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

Mara Sengasu huyo, anarudi na bahasha yake. Wakamvamia. "Mwanangu, iache kazi hiyo, nitakulipa mimi!" "Mimi nitamzidi Bi Chausiku!" "Mimi nitakuandikia na mkataba!"

"Nyamazeni," akasema Mzee Kupaza. "Kwanza aseme anafanya kazi wapi."

Sengasu angeweza kutaja ofisi yoyote. Akamfikiria Mwantumu, akaona atampoteza pale pale, mbele ya mbuzi.

"Mzee, sina kazi. Humu mna vyeti vyangu. Nimezunguka kila geti, nafasi zimejaa."

Bi Chausiku akashusha pumzi. "Ala! Kumbe yupo tu! Basi mwanangu, shika kamba hii niwahi futari."

Sengasu akaweka mikono nyuma. "Mama, nitamshika baada ya Idi, kwa mshahara. Leo mshike mwenyewe."

Mbuzi akavuta. Bi Chausiku akaenda naye hatua kumi bila kupenda.

Mzee Kupaza akatandaza mabaki ya kanzu juu ya meza ya fundi. "Mwingine anayesema huyu yupo tu, anirudishie kanzu yangu."

Fundi akakohoa. Mwalimu akaenda kuleta kalamu. Mkataba ukaandikwa kabla ya magharibi: asubuhi mbuzi, mchana duka, alasiri mpunga, na mshahara kwa kila kimoja.

Siku ya Idi Mzee Kupaza akaswali na kanzu kuukuu, na akatoa jibu lake. Wiki ya pili wakakaa kitako kwa ndoa. Sheikh akafungua cheti, akauliza, "Kazi ya bwana arusi?"

"Mfugaji!" akasema Bi Chausiku kutoka mlangoni.

"Msimamizi wa duka!" akasema Fundi.

"Mtunza nafaka, andika hivyo!" akasema Mwalimu.

Wakaanza kubishana, sauti zikapanda, sheikh akaweka kalamu chini. Ndipo sauti ya bibi arusi ikatoka nyuma ya pazia.

"Andika zote, sheikh. Karatasi ikijaa, igeuze."

Sheikh akaigeuza.

Hapo nilipoikuta, hapo naiacha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe nikaile kwangu.