Mkaja wa Mama Yake Zamda

Hapo zamani, na zamani yangu mimi si ya mbali, ilikuwa Jumanne ya wiki ya harusi, saa kumi na dakika kumi alasiri. Zamda binti Shekue alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha uani kwao, Ngamiani, Tanga, akitafuta kitabu cha kuku kwenye simu. Sikilizeni kila kitu, hata vile vidogo. Nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kwa nini kuku? Kwa sababu Ijumaa Zamda angeolewa na kuhamia Muheza, na baba yake, Mzee Shekue, angebaki na nyumba tupu. Mzee alikuwa mtu mpole. Hakupandisha sauti, hakukaa vijiweni, na hakuwahi kumpiga binti yake hata kofi. Mkewe Saumu alipofariki kwa homa, Zamda akiwa mtoto wa darasa la kwanza, hakuoa tena. Kanzu yake ndiyo iliyonyooka kuliko zote msikitini. Aliipiga pasi mwenyewe kila Alhamisi, kwa pasi ya mkaa ya kizamani yenye jogoo wa shaba juu ya kifuniko. Umeme uliingia ndani, pasi ya umeme ikanunuliwa, mzee akabaki na jogoo wake. Hakuna mwingine aliyeigusa. Na kila asubuhi Zamda alimwamkia na kuubusu mkono wake.

Basi Zamda aliona amwachie kuku wachache, na kitabu cha kumfundisha kuwatunza.

Uani walikuwepo wanawake wawili wakichambua mchele wa harusi. Mmoja ni Mwanjaa, mdogo wake marehemu Saumu, ambaye Zamda humwita mama mdogo na ndiye aliyemlea. Wa pili ni Bi Mgeni, jirani, mwoshaji wa maiti za wanawake pale mtaani tangu enzi za ujana wake.

"Bibi harusi anaongea na bwana wake," alisema Bi Mgeni. "Angalia anavyoikodolea simu."

"Natafuta kuku, Bi Mgeni."

"Kuku kwenye simu! Utamchinja na nini, na chaji?"

Walicheka. Kisha Mwanjaa akauliza lile alilokuwa akiliuliza kila siku kwa wiki nzima. "Mkaja umeshaamua?"

Kwetu bwana harusi huwaletea wazazi wa mke vitu viwili. Cha baba ni kilemba. Cha mama ni mkaja, ile nguo ambayo mzazi hujifunga tumboni akishajifungua. Siku hizi wengi hutia pesa kwenye bahasha, lakini ukoo wa bwana harusi huyu ni watu wa mambo ya kale. Walileta nguo yenyewe, nyeupe, imekunjwa juu ya sinia kando ya kilemba. Anayetoa mkaja anasema: najua kuna mtu alikubeba. Mama akiwa hayupo, kwa akina Zamda, bibi harusi mwenyewe humtaja mwanamke wa kuupokea. Angemtaja Jumatano asubuhi, mbele ya mshenga.

"Kesho mtajua," alisema Zamda.

"Mimi ndiye niliyekulea," alisema Mwanjaa.

"Na mimi nilikukata kitovu," alisema Bi Mgeni. "Bila mimi ungekuwa unatembea nacho mpaka leo."

Zamda alicheka, akarudi kwenye simu. Duka lile la mtandaoni lilikuwa na safu inayoitwa Mchanganyiko, ambamo hutiwa kila kitabu kisicho cha hadithi na ambacho muuzaji hakujua akiweke wapi. Kitabu cha kuku kilikuwemo. Pembeni yake kulikuwa na cha kuchimba kisima. Halafu mirathi, maradhi ya figo, maisha ya golikipa mstaafu, kilimo cha muhogo. Na katikati ya muhogo na golikipa, kitabu chembamba kuhusu waosha maiti wa pwani, kimeandikwa na Dokta Hidaya fulani wa chuo kikuu.

"Bi Mgeni, wameandika kitabu juu yenu," alisema.

 Bi Mgeni aliinama juu ya ungo kama aliyeona jiwe.

Duka linakuruhusu kusoma kurasa chache kabla ya kununua, kuonja. Zamda akaonja. Aliyoyasoma ni haya:

*Marehemu alikuwa na mgongo wa pasi. Alama zilikuwa za umbo la pasi ya mkaa, za zamani zimeshakuwa nyeupe, na moja mbichi iliyooza, ambayo mwoshaji anaamini ndiyo iliyoleta homa. Nywele zilikuwa zimesukwa ovyo, kwa mkono wa mtoto, na kufungwa kwa nyuzi nyekundu za mfuko wa vitunguu. Mwoshaji hakuzikata. Alifungua kifundo kimoja kimoja.*

Jina halikuwepo. Mtaa haukuwepo. Mwaka haukuwepo.

Lakini Zamda alizikumbuka zile nyuzi. Alizichomoa mwenyewe kwenye mfuko wa vitunguu jikoni, kwa meno. Siku zile mama yake alikuwa amelala kifudifudi mchana kutwa, hakutaka kugeuka, na Zamda alidhani analala hivyo ili yeye apate kusuka vizuri.

Aliweka simu chini.

"Bi Mgeni. Mama yangu ulimwosha wewe?"

"Mimi."

"Mgongo wake uliuona?"

Mchele ulisimama. Mwanjaa akamtazama Bi Mgeni, Bi Mgeni akautazama ungo.

"Nani kakwambia?" aliuliza Mwanjaa.

Zamda akawasomea. Alisoma taratibu, neno kwa neno. Alipofika kwenye vitunguu Mwanjaa alijifunika uso kwa kanga.

Kisha akamwuliza Bi Mgeni: "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu," alisema Bi Mgeni. "Ukiona kitu kwenye mwili wa maiti unakifunika palepale. Ukikitoa nje, umemvua nguo marehemu mara ya pili. Nilikifunika, mwanangu, na kikawa kinanila. Alipokuja huyo Dokta na kinasa sauti, akaniapia hataji jina la mtu, nikamtolea kimoja tu, kile. Wewe ningekwambia vipi? Ulikuwa na miaka saba, ulikuwa unakula chakula cha baba yako. Ningekwambia halafu ukalale wapi? Nisikilize. Siku ile nilichanganya maji yakawa ya uvuguvugu. Mgongoni nikammwagia kwa kiganja, kidogo kidogo. Wenzangu wakasema maiti haumwi. Nikawafukuza. Mikono ya mwisho kumshika mama yako kwa huruma ni hii. Mkaja ni nguo ya mwili wake. Ni wa nani, kama si wangu?"

Zamda akamgeukia Mwanjaa. "Na wewe mama mdogo, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Alikuja kwetu na mgongo ule akiwa hai," alisema Mwanjaa. "Nikampaka asali. Bibi yako akasema arudi kwa mumewe, mambo ya ndani yabaki ndani. Na aliyemrudisha ni mimi. Nilimshika mkono mpaka mlango huu hapa. Aliniambia, Mwanjaa, usiniache hapa, na mimi nikasema, dada, vumilia, wanaume hubadilika."

Akapangusa pua.

"Alipokufa nilikuwa na posa mbili. Nikazikataa zote. Watu wakasema nimerogwa, wengine wakasema namtaka shemeji. Nikahamia hapa, nikalala chumbani kwako, kitanda nikakisogeza nyuma ya mlango. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulisema unaogopa paka."

"Paka! Nilikuwa namngoja yeye. Siku ya arobaini nilimwambia: ukimgusa huyu mtoto, nitapiga kelele hapa mpaka Pongwe wasikie. Unadhani hajawahi kukupiga kwa sababu ni mpole? Hajakupiga kwa sababu mimi sijawahi kulala usingizi. Tumbo langu halikuzaa kwa ajili yako. Mkaja ni nguo ya tumbo. Ni wa nani, kama si wangu?"

"Ulimrudisha kwa mkono wako," alisema Bi Mgeni.

"Na wewe umemwambia mtu wa kinasa sauti, na mtoto wa dada yangu akikubusu mkono kila Idi!"

"Mimi sikumpeleka mtu kwenye moto."

"Hukumpeleka. Ulimkuta keshaiva, ukamfunika."

"Namba ya Dokta," alisema Zamda.

Bi Mgeni alikuwa nayo, kwa kuwa yule Dokta humpigia kila sikukuu. Zamda akapiga, akaiweka simu juu ya mchele ili wote wasikie. Akajitaja jina. Kisha akasema: "Mimi ndiye niliyesuka zile nywele."

 "Ee Mola wangu," ilisema sauti upande wa pili.

"Ulijua kuna mtoto?"

"Nilijua. Nimeandika mwenyewe, mkono wa mtoto."

"Ukamtafuta?"

"Sikumtafuta."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na tarehe ya kuwasilisha kazi," alisema Dokta Hidaya. "Sina jibu zuri kuliko hilo, na sitaki kukudanganya. Nilitoa mtaa, nikatoa mwaka, nikatoa jina. Zile nyuzi nikaziacha. Niliona ni kitu kidogo, tena kizuri, na kwamba hakuna mtu duniani atakayezijua."

"Kizuri," alisema Zamda.

"Nisamehe."

"Mwambie anatafuta na yeye mkaja!" alifoka Mwanjaa. "Kauza mgongo wa dada yangu, sasa aje avikwe!"

"Nani huyo? Mkaja gani?" aliuliza Dokta. Zamda alimweleza kwa ufupi, pamoja na harusi ya Ijumaa. Dokta akavuta pumzi. "Siuombi, mama. Lakini mdogo wangu, hebu fikiri. Ijumaa ungeinama uubusu ule mkono, ukaombewa dua nao, na hao wawili walio hapo wangepiga vigelegele. Walikupenda, na wangekuacha uinamishe kichwa. Mimi sikukujua hata jina, na ni mimi niliyekwambia. Mama yako hakuwa na mtu hata mmoja aliyesema lililompata. Mimi nililisema. Mama ndiye anayemwambia bintiye ukweli kabla hajaingia nyumba ya mume. Sasa waulize hao: leo aliyeifanya kazi hiyo ni nani, kama si mimi?"

"Umemwambia?" alisema Bi Mgeni kwa uchungu. "Umemwuzia."

"Hapana," alisema Zamda. "Nimesoma bure." Akakata simu.

Magharibi mzee alirudi kutoka msikitini. Akasema Salaam alaykum, akanyoosha mkono ili bintiye aubusu. Zamda alikuwa amebeba ungo kwa mikono miwili. Akaubana zaidi, akapita. Mzee akabaki na mkono wake hewani kidogo, kisha akaurudisha mfukoni na kuingia ndani.

Sasa niwafikishe kwenye asubuhi yake, Jumatano.

Zamda aliamka, akaitoa pasi ya jogoo chini ya kabati la baba yake. Akaweka mkaa, akawasha kwa makumbi ya nazi, akaipepea mpaka macho ya jogoo yakang'aa. Akatandika shuka juu ya meza uani. Akachukua kilemba kwenye sinia, kipya, chenye tarizi ya hariri ukingoni, akakitandaza. Mwanjaa alikuwa amesimama mlangoni. Bi Mgeni alikuwa amefika, kavaa doti mpya ya kanga.

Mzee Shekue akatoka. "Pasi hiyo nani kakupa?"

"Nakunyooshea kilemba chako, baba."

Akaibandika pasi katikati ya kitambaa. Hakuisogeza.

"Kitaungua," alisema mzee.

"Kitaungua."

"Zamda, ondoa pasi."

"Mama alikuwa akilala kifudifudi, baba. Kwa nini?"

Moshi ulianza kutoka pembeni mwa pasi. Mzee alimtazama Mwanjaa, kisha akamtazama Bi Mgeni. Alikuwa na nafasi ya kusema si kweli. Alikuwa na nafasi ya kusema nisamehe. Zamda alimngoja, mkono wake juu ya mpini. Alitamani baba yake aseme lolote kati ya hayo mawili, hata lile la uongo.

"Nani kasema?" aliuliza Mzee Shekue.

Zamda akainua pasi. Akakunja kilemba vizuri, pembe kwa pembe, ile alama ya pasi ikawa juu. Akakiweka kwenye sinia mbele ya baba yake, na hapohapo mshenga akapiga hodi mlangoni.

Kilemba kimepata mwenyewe. Hilo siwaulizi.

Lakini mkaja bado uko juu ya sinia, mweupe. Mshenga amesimama, anasubiri jina. Yupo Bi Mgeni, aliyeusitiri mwili na kumsitiri pamoja nao aliyeuunguza. Yupo Mwanjaa, aliyemrudisha mama kwenye pasi, kisha akailinda shingo ya mtoto miaka yote bila usingizi. Na simu iko mezani, ndani yake namba ya mwanamke aliyesema kweli kwa kila mnunuzi kabla hajamwambia mwenye mama. Msiniambie agawe. Mkaja haukatwi vipande. Msiniambie aurudishe, maana kuurudisha ni kusema hakuna aliyembeba.

Zamda amenyoosha mkono, ameushika mkaja. Je, nani alistahili?