Goti la Gwakisa

Wapendwa, palikuwa na ndugu wawili wa kiume waliobaki peke yao baada ya kuwazika wazazi wao. Mkubwa alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Mdogo aliitwa Gwakisa, naye alikuwa winga wa timu ya kata, mwenye mguu wa kushoto uliowafanya watu waache maduka wazi wakamtazame.

Kaka mtu alimpenda mdogo wake. Lishikeni hilo, maana mbele kidogo mtataka kulikana.

Huyo kaka alikuwa na gemu la mpira, lile la kwenye televisheni. Vijana mnalijua, wazee wangu, niwaeleze. Ndani yake zimo ligi za Ulaya zenyewe, na jezi zao, na viwanja vyao, na majina ya wachezaji wao. Ligi yetu haimo. Mna sehemu ambapo unakuwa kocha: unasajili, unauza, unapanga kikosi, msimu kwa msimu. Tena mna sehemu ya kumuumba mchezaji unayemtaka wewe. Nisameheni kwa neno hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Basi jioni moja kaka mtu akamuumba Gwakisa. Akampa sura yake, urefu wake, hata lile kovu la kwenye nyusi. Akaandika jina mgongoni. Kisha akamwongezea mbio ambazo binadamu hana, akamsajili kwenye klabu kubwa ya Hispania.

"Njoo ujione!" akaita.

Gwakisa akaja, akajiona, akacheka mpaka akashika mbavu. Siku ile nyumba yao ilikuwa na furaha.

Haukupita muda mrefu, Gwakisa akaumizwa goti uwanjani. Akarudi anachechemea, akasimama mlangoni.

"Kaka, goti linapwita."

"Kanda na maji ya chumvi," kaka akajibu, macho kwenye kioo cha televisheni. "Ngoja kidogo. Leo tuna nusu fainali, na wewe ndiye unayeanza."

Mmemsikia? "Wewe ndiye unayeanza." Na yule aliyeegemea mlango kwa mguu mmoja alikuwa nani?

Goti likavimba, homa ikaja. Mama wa nyumba ya jirani, aliyezoea kuwaletea mboga, akaingia, akafunua shuka, akatoka uso umemshuka.

"Mwanangu, huyu si wa kukandwa tena. Goti limeiva. Mpeleke hospitali."

"Jumamosi, mama. Nitampeleka."

Jumamosi ikafika, ligi ya mle ndani ikawa ukingoni, na ubingwa unanukia. Ikapita. Ikafika nyingine. Wala hakuona kosa lake, wapendwa! Kila alipoketi pale alijihisi yuko na mdogo wake. Winga akifunga, alilipaza jina mpaka likasikika barabarani: "Gwakisa! Gwakisa!" Na Gwakisa mwenyewe amelala chumba cha pili, ananuka usaha, anasikiliza jina lake likishangiliwa.

Mwishowe yule mama akaita watu, wakambeba hadi hospitali. Daktari alipomtazama akauliza neno moja tu: "Mlikuwa wapi?" Usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Wakaukata mguu juu ya goti. Ule wa kushoto.

Kaka mtu alilia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti. Gwakisa aliporudi na magongo yake, kaka akamfulia mashuka, akampikia uji, akambeba kumpeleka bafuni. Lakini Gwakisa hakumtazama. Alikaa anautazama ukuta. Kaka, kwa kukosa la kufanya, akawasha televisheni.

"Tazama, mdogo wangu. Bado unacheza. Wewe ndiye unayeongoza kwa mabao."

Gwakisa akatazama kwa muda mrefu yule kijana anayekimbia. Kisha akauliza, "Huyu hajawahi kuumia?"

"Aliumia," kaka akasema, akafurahi kwamba amepata la kuongea naye. "Goti, tena kabla ya fainali. Nikamtoa. Nikakataa kumchezesha mpaka akapona kabisa."

Gwakisa akageuka, akamtazama usoni.

"Kumbe kuuguza ulikuwa unajua."

 Kaka mtu akainuka, akaizima televisheni.

Msimcheke, wala msiwalaumu vijana na magemu yao. Nasema na sisi. Yumo humu baba anayempenda binti wa darasa la tatu, yule mcheshi. Binti mwenyewe sasa ni mtu mzima, na amevunjika moyo, na baba hana habari. Yumo mume anayempenda mke wa siku ya harusi, na mke mwenyewe wa leo anakohoa jikoni peke yake. Tumejitengenezea watu wasiougua, wasiozeeka, wasiotudai chochote. Hao ndio tunaowaombea hapa kwa machozi. Upendo tunao. Uvumilivu tunao. Tumekosa kitu gani, wapendwa, kama si kugeuza shingo?

Leo ukifika nyumbani, usimwambie mtu kwamba unampenda. Ameshasikia. Mwulize panapouma, kisha upatazame kwa macho yako.