Mtoto wa Melania Aitwe Nani

Mlio mbele na mlio nyuma, nipeni masikio. Kisa hiki sikisimulii ili mcheke. Nakisimulia kwa sababu kimenishinda, na pengine mmoja wenu atanisaidia.

Kijijini Mkangaula kuna shimo. Wakati wa Vita vya Majimaji, wanaume wa kijiji kile walinyongwa asubuhi moja, wakafukiwa pamoja humo. Wajane wao hawakupewa hata mwili mmoja wa kuzika. Walichobaki nacho ni majina tu. Wakaunda chama, wakakiita Chama cha Majina, wakaapa kwamba jina la kila aliyenyongwa litabebwa na mtu aliye hai. Huyo akifa, familia yake impe mtoto mwingine jina hilo.

Chama kile kipo hadi leo. Wanachama wake hufyeka nyasi pale shimoni, huezeka nyumba za wajane, hubeba wagonjwa kwa machela na kuzika wasio na ndugu. Mara moja kwa mwaka hukusanyika shimoni. Mwenyekiti hutaja majina, na kila mwenye jina huitika, "Nipo!" Jina likikosa wa kuitika, hutajwa mara ya mwisho, na tangu hapo halitajwi tena.

Sasa, katika chama kile walikuwamo watu watatu.

Bibi Osmunda alikuwa kipofu, lakini masikio yake yalikuwa ya ajabu. Alimtambua mtu kwa kikohozi chake tu. Mjukuu wake Likulilo, aliyebeba jina la babu yao aliyenyongwa, alifia ugenini kabla hajaoa.

Longino alikuwa na nguvu na hakujua woga. Mto Lumeta ukijaa, wenzake wakirudi nyuma, yeye alivuka na mgonjwa mabegani. Kisha, mwaka wa kisa hiki, mto huohuo ukamchukua mwanawe wa pekee, Chiwanga, naye mwenye jina la mmoja wa walionyongwa. Tangu siku hiyo Longino hakutia mguu majini, na machela akawaachia wengine.

Kolumba alijaliwa maziwa. Alikuwa akinyonyesha hata watoto wa jirani mama zao wakiugua. Mwaka ule akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Mbonde, jina la babu wa mumewe, naye mmoja wa walionyongwa. Mbonde hakumaliza juma. Siku ya kutaja majina, Kolumba alikuja shimoni amekaza kitenge kifuani ili maziwa yakauke.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mwenyekiti, Mzee Ditramu, alikuwa akitaja majina, na alikaribia kabisa jina la Likulilo. Bibi Osmunda alikuwa ameomba aitikie yeye, mara moja tu, amuage mjukuu wake.

Ghafla akainua mkono. "Nyamazeni! Kuna mwanamke analia mtoni."

Watu wakaguna. Sheria ya chama ilikuwa kali: anayekatiza majina hutolewa chamani, hata awe nani.

"Bibi, hao ni pimbi," alisema Mzee Ditramu kwa upole. "Kaa, tafadhali."

"Pimbi hamwiti mama yake, Ditramu. Nitoeni, lakini nyamazeni kwanza."

Wakanyamaza. Wakasikia.

Alikuwa ni Melania, muuza mihogo ya kuchoma gulioni. Mumewe alifukiwa na kifusi machimboni, na kwao hakuna aliyebaki. Alikuwa amekwenda kung'oa mihogo bondeni, uchungu ukamshika, maji nayo yakapanda yakalizunguka shamba lote.

Wanaume walisimama ukingoni, hakuna aliyesogea. Longino aliutazama mto kwa muda. "Umemla mwanangu," alisema, kama anayezungumza na mtu. Kisha akafunga kamba kiunoni, akaingia.

Alipokuwa akirudi na Melania mgongoni, gogo lilimpiga nyongani. Watu waliona uso wake ukikunjamana, lakini mikono yake haikumwachia yule mwanamke. Alitambaa hadi nchi kavu. Tangu hapo Longino hutembea kwa magongo mawili, na hatabeba mtu tena maishani mwake.

Melania akajifungulia palepale, chini ya turubai la chama. Mtoto alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, hata kulia hakulia. Kolumba akaanza kufungua kitenge chake.

Mama mkwe akamshika mkono. "Matanga ya mjukuu wangu hayajaondolewa. Ukimnyonyesha huyu, usirudi nyumbani kwangu."

"Mama," Kolumba alijibu, "maziwa haya yana mwenyewe, na mwenyewe hayupo."

Akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamkamulia mdomoni tone kwa tone mpaka akanyonya. Akalia yule mtoto, na Kolumba akalia naye. Nyumbani kwa mumewe hakupokelewa tena.

Lakini damu ya Melania haikukatika. Aliwatazama waliomzunguka, akasema, "Aliyemwokoa mwanangu ndiye ampe jina, na amlee." Wakamuuliza, "Yupi?" Kabla hajajibu, akakata roho. Chama kikamzika karibu na shimo.

Arobaini yake ilipokwisha, watu walirudi kumalizia majina. Bibi Osmunda, ambaye hakuwa mwanachama tena, alisimama nje ya uzio wa shimo.

"Mpeni majina yote matatu," mtu mmoja alishauri.

Mzee Ditramu akatikisa kichwa. "Kila mmoja wao alinyongwa kwa kamba yake. Kila mmoja atabebwa na mtu wake. Ndivyo walivyoapa wale wajane."

Basi akawataka watatu wale waseme.

"Mngemaliza kutaja, mngekwenda kula," alisema Bibi Osmunda, "na wale wawili wangeishia pale bila mtu kujua. Nilimwacha Likulilo wangu bila kumwitikia."

Longino alisema, "Mimi nilimbeba kabla hajazaliwa."

Kolumba hakutaka kusema. Walipomsihi, alimfunika mtoto vizuri. "Mkimpa mwingine, nitamfuata huko nimnyonyeshe. Ila msinitake nimwite kwa jina atakalompa."

Bila masikio ya Osmunda, nani angejua? Bila mgongo wa Longino, nani angevuka? Bila maziwa ya Kolumba, wangemzika pamoja na mama yake. Mtoto ni mmoja. Majina mawili yatatajwa leo kwa mara ya mwisho, na wenyewe wapo shimoni wanasikiliza.

Mzee Ditramu amesimama shimoni ataje jina la mtoto. Haya, simameni mahali pake. Mngemwita mtoto huyu nani? Na wale wawili wengine, mngewaambia nini?